Je, kila neno la Kiingereza linaloanza na in- linakanusha?

SWALI: Tulifundishwa kwamba in- mwanzoni mwa neno la Kiingereza hukanusha, kama katika incorrect na invisible. Kwenye jaribio nikaandika kuwa invaluable ni kitu kisicho na thamani, nikakosa. Tena hapa mwalo wa Kibirizi kuna pipa la petroli lililoandikwa inflammable. Ina maana halishiki moto?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kigoma

JIBU: Tuanze na pipa, maana hilo linaweza kuua. Inflammable ni kinachoshika moto upesi, sawasawa na flammable. In- hiyo imetoka Kilatini ikiwa na maana ya "ndani", na neno limejengwa juu ya kitenzi inflame, yaani kuwasha. Kwa kuwa linapotosha wengi, mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ilihimiza flammable itumike badala yake. Kisichoshika moto huandikwa non-flammable. Sigara ikae mbali na pipa hilo.

Ukisikia "Haji haji leo", hubabaiki: ha- ya kwanza ni sehemu ya jina, ya pili ndiyo inayokanusha. Unajua shina. Kwenye Kiingereza nako tafuta shina. Neno likiishia na -able au -ible, jiulize kwanza kama kuna kitenzi kinachoanza na in-. Inhabit kipo, ni kuishi mahali. Kwa hiyo inhabitable ni panapokalika, na pasipokalika ni uninhabitable. Hapa hata wasomi huteleza.

Invaluable ni korofi zaidi, kwani in- yake inakanusha kweli. Ila kinachokanushwa ni kitenzi value, kukadiria bei: thamani ni kubwa hata haikadiriki. Jibu lako lilifaa kwa worthless. Infamous nalo si asiyejulikana, bali anayejulikana kwa ubaya. Mkazo uweke mwanzoni, IN-fa-mas, usilisome kama famous.

Angalia pia kwamba in- hugeuka im- mbele ya b, m na p, il- mbele ya l, na ir- mbele ya r. Ndipo tunapata impossible, illegal na irregular. Mtego ni uleule: import ni kuingiza bidhaa nchini, illustrate ni kufafanua kwa mfano au picha, irrigate ni kumwagilia shamba. Hakuna kanusho hapo.