Baba anapoamini kila sauti ya WhatsApp

Dada yangu, umeeleza kwamba baba yenu, mstaafu anayeishi Kayole, hukesha akisikiliza sauti za WhatsApp zinazodai kwamba chanjo ni njama ya serikali, na kwamba kila mnapobishana kaka zako humwita mjinga mbele ya wajukuu. Hilo likome kwanza, kwa kuwa mzee aliyeaibishwa hivyo hatafuti tena ushahidi, hutafuta heshima yake.

Mkubalie penye ukweli. Serikali ya Uingereza ilificha maelfu ya majalada ya kikoloni huko Hanslope Park, kituo chake kilicho Uingereza, hadi mwaka 2011, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau; shaka yake, basi, si wazimu. Lakini mwonyeshe jinsi siri hiyo ilivyofichuka: kwa majalada, mashahidi na mahakama, wala si kwa sauti isiyo na mwenyewe. Baba yangu naye, aliyeamini sauti kama hizo, nilimketisha na chai ya maziwa, nikamwomba tu aniambie msemaji ni nani, alisema lini, na nani mwingine alishuhudia. Aliisikiliza sauti ile mara tatu, kisha akailaza simu kifudifudi mezani. Alininunia siku mbili, nakuonya.

Kuhusu dawa za presha ulizosema ameanza kuziruka, usingoje mjadala uishe: mpeleke kwa daktari wiki hii, na akiumwa kifua au akilegea upande mmoja, mkimbize hospitalini papo hapo.