Mbalamwezi ikiwaka piga Ha, OIII ingoje giza

Nilipopata filta zangu za kwanza za bendi nyembamba za kupigia picha anga, zile zinazopitisha kipande kidogo tu cha rangi ya mwanga, nilijua basi, nimeshamalizana na taa za mtaani na mwezi, kumbe wapi. Usiku wa kwanza mwezi mpevu uko juu kabisa, mimi huyo na filta ya OIII (mwanga wa oksijeni) naifuata nebula ya Veil, wingu la gesi angani, masaa manne mazima, picha za dakika tano tano, asubuhi nazilundika kwenye kompyuta naona ukungu wa kijivu na nyuzi mbili tatu za kukodolea macho. Kesho yake nikaweka Ha (mwanga wa haidrojeni), mwezi ni uleule, saa moja tu nyuzi zikatoka kama zimechorwa kwa kalamu.

Sababu ni hii. Haidrojeni inang'aa kwenye nanomita 656.3, wekundu mzito, ila oksijeni iko 500.7, kule kwenye kijani-buluu, na hewa inatawanya mwanga wa mwezi zaidi upande huohuo wa buluu. Kwa hiyo mbalamwezi inaingia na OIII mlango mmoja, hata filta iwe nyembamba vipi, inapungua tu haiishi. SII, yaani salfa, iko karibu na 672, nyekundu pia, nayo unaweza kuipiga mwezi ukiwepo.

Ndo maana kama hela inatosha filta moja tu ya upana wa nanomita 3 mimi ningeinunulia OIII, Ha ya 7 inakutosha kabisa. Ila angalia darubini yako kwanza, ukiwa na ya f/2, yaani ya kasi sana, mwanga unaingia kwa kuinama sana, bendi ya filta inasogea upande wa buluu na mstari wenyewe, yaani ile rangi moja ya gesi unayoitafuta, unaweza kuukosa, tafuta zilizotengenezwa kwa darubini za kasi.

Na jamani fokasi! Kila ukibadili filta fokasi upya, kwa nyota kali, mimi nilishapoteza usiku mzima nyota zote zimetoka donati.

Kilimia usiisumbukie na hizi filta, lile wingu lake linaakisi tu mwanga wa nyota, halina mstari wa kukamata, galaksi nazo nyingi ni hivyohivyo. Halafu kabla hujafunga vyombo piga dakika ishirini za RGB, filta za kawaida za nyekundu, kijani na buluu, kwa ajili ya nyota peke yake, maana za bendi nyembamba zinatoka na rangi ya ajabu, zangu zilikuwa zambarau.