Jibu: Vali ya mama imechakaa, je, anaweza kupasuliwa tena?

Pole sana dadangu. Umeuliza kama mama, aliyewekewa moyoni vali (kilango kinachozuia damu kurudi nyuma) ya ng'ombe miaka 12 iliyopita, anaweza kupasuliwa tena kwa kuwa imechakaa. Anaweza. Vali za tishu ya mnyama nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, kisha hukakamaa au huchanika na kuvuja. Hamkukosea popote.

Mamangu alifunguliwa kifua mara ya pili. Kabla ya hapo, hapa Lamu, ngazi za nyumba yetu alikuwa akipanda vidato vitatu, anashika ukuta, anakaa. Usiku analalia mito mitatu. Ukiona hivyo usingoje kliniki ya mwezi ujao, mpeleke.

Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu ya makovu: moyo huweza kugandamana na mfupa wa kifua, ndiyo maana hupigwa picha ya CT kwanza. Mwulizeni daktari pia kama vali mpya yaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja na kufunguliwa ndani ya ile kuukuu. Si kila mgonjwa anafaa, lakini kwa mtu mzima kama mama ni lazima muulize.

Wakimwekea ile inayoitwa ya chuma, itadumu, ila atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na damu itapimwa mara kwa mara. Mchicha na kisamvu hugusa nguvu ya dawa hiyo, lakini asiache, ale kiasi kile kile kila wiki. Na meno yakaguliwe kabla hamjasafiri kwenda kupasuliwa, maana jino bovu hupeleka vijidudu hadi kwenye vali.