Maswali ya Wasomaji: Nataka kutafiti uelewa wa afya, nianzie wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, nina shahada ya kwanza. Wagonjwa wa presha wanakosea dozi, na wanaotoka mbali ndio wanaoletwa hoi. Nataka kuingia chuo kikuu nilitafiti jambo hili na kulifundisha. Nimesikia kuna kipimo cha Marekani cha kusoma maneno 66. Nikikitafsiri si kitanitosha? (Muuguzi, Morogoro)

JIBU: Ndugu muuguzi, tuanze na hicho kipimo, kwani hapo ndipo wengi wanapopotea. Kinaitwa REALM. Mgonjwa husoma kwa sauti orodha ya maneno ya kitabibu, na akikosea matamshi huhesabiwa kuwa uelewa wake ni mdogo. Kwa Kiingereza kinafanya kazi kwa sababu maandishi na matamshi haviendani: neno usilolijua utalikosea. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto wa shule ya msingi atakusomea "saratani ya shingo ya kizazi" bila kukwama, na wala hajui ni nini. Kila anayejua kusoma atapata alama za juu, nawe utakuwa hujapima kitu. Waliojaribu kwa Kihispania walikwama hapo hapo, ikawabidi waongeze sehemu ya kuchagua maana ya neno.

Chukua dodoso linalouliza mtu anaona ugumu gani kupata habari za afya, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia. HLS-EU la Ulaya lina maswali 47, na toleo fupi lina 16. Omba kwanza ruhusa ya wenye dodoso. Watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, kisha wakubaliane. Mtu wa tatu, ambaye hajaona dodoso la asili, arudishe tafsiri kwenye Kiingereza. Kisha keti na watu 10 hadi 15 wa elimu tofauti, umuulize kila mmoja: "Swali hili umelielewaje?" Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Hapo utakuta "majibu chanya", yaani ugonjwa umeonekana, yamesikika kama habari njema, au "1x3" kwenye bahasha ya dawa, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, imesomwa kidonge kimoja kwa siku tatu. Ukija kupima uhalali wa dodoso, yaani kama kweli linapima linachokusudia, kadiria watu 5 hadi 10 kwa kila swali: kwa maswali 47, ni 235 hadi 470.

Tafadhali usiishie kwa mgonjwa. Ripoti ya 2008 ya tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyoongozwa na Michael Marmot ilisisitiza hali ambamo watu huzaliwa, hukua, huishi, hufanya kazi na kuzeeka. Basi uliza pia nauli, bima, umbali wa kituo, na nani nyumbani anashika pesa. Ukiyaacha hayo, matokeo yatasema mgonjwa haelewi, kumbe hana nauli ya kufuata dawa. Pima na kituo chenyewe: mgonjwa anapewa maelezo kwa dakika ngapi kwenye dirisha la dawa, na bahasha imeandikwaje?

Kuhusu ajira, matangazo ya vyuo vikuu vya umma Tanzania kwa kawaida hudai GPA (wastani wa alama) ya 3.8 katika shahada ya kwanza kwa mkufunzi msaidizi, na 4.0 ya uzamili kwa mhadhiri msaidizi. Itazame yako kabla ya kulipa ada. Kama haifiki, njia ya usaidizi wa utafiti katika taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara au NIMR bado ipo. Kibali cha maadili ya utafiti kitangulie kabla hujamhoji mtu hata mmoja. Data iliyokusanywa bila kibali majarida huikataa, na kibali hakirudi nyuma.

SWALI: Ni "viashiria" au "viamuzi" vya kijamii vya afya? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Viamuzi. Kiashiria huonyesha hali ilivyo, kama kiwango cha vifo vya watoto wachanga. Kiamuzi huisababisha, kama elimu ya mama au maji ya kunywa. Kwenye tasnifu andika "viamuzi". Kwenye dodoso usiliweke neno hilo kabisa. Uliza ndoo ya maji ni shilingi ngapi.