Kabla ya Kutia Saini: Maswali ya Wasomaji kuhusu Utafiti wa Pamoja na Wageni

SWALI: Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja cha pwani ya Tanzania. Chuo kikuu cha Ulaya kimetualika, pamoja na taasisi moja ya Kenya, tuombe fedha za utafiti wa miaka minne kuhusu kilimo cha mwani na ongezeko la joto la bahari. Andiko limeshakamilika huko kwao, nasi tumepewa wiki mbili tutie saini. Mwenzangu anasema tukubali kwanza, mengine tutayazungumza fedha zikishapatikana. Je, ni sahihi? — Mhadhiri, Tanga

JIBU: Nauelewa ushauri wa mwenzako, kwa kuwa fedha za utafiti ni adimu katika vyuo vyetu na hakuna anayependa kuonekana mtu wa kuweka vikwazo, hata hivyo naomba msiufuate. Fedha zikishaingia, bajeti imekwisha kugawanywa, swali la utafiti limekwisha kufungwa, na kiongozi wa mradi anawajibika kwa mfadhili kwa kila kilichoandikwa, kwa hiyo hata akiwa mwema kiasi gani hana tena nafasi ya kubadili mambo ya msingi. Wahenga walisema ukitaka kuruka agana na nyonga, na wiki hizi mbili ndizo za kuagana nayo.

Anzeni na swali lenyewe la utafiti. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Zinazolimwa ni aina mbili kuu: spinosamu, unaostahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, wenye bei nzuri lakini ambao umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto. Mtaalamu aliye Ulaya huenda akavutiwa zaidi na vinasaba vya mwani huo. Mkulima wa huko kwenu anataka kujua kama inafaa ahamishie kamba anazofungia mwani kwenye kina kirefu, ambako atahitaji boti na kujua kuogelea, na wanawake wengi wanaolima mwani hawana boti wala hawakufundishwa kuogelea. Maswali yote mawili ni ya kisayansi na yote yanastahili fedha, lakini andiko likibeba la kwanza peke yake, ninyi mtakuwa wakusanyaji wa sampuli kwa miaka minne. Ombeni sehemu moja ya kazi iongozwe na chuo chenu, iwe na swali lake, bajeti yake na mwanafunzi wake wa uzamivu aliyesajiliwa hapa nchini.

Kuhusu bajeti, someni masharti ya mfadhili ninyi wenyewe, msisubiri kusimuliwa. Kwa mfano, kama fedha zinatoka katika mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 hadi 2027, Horizon Europe, taasisi za Tanzania na Kenya zinaruhusiwa kupokea fedha hizo moja kwa moja, na juu ya gharama za moja kwa moja za mradi huongezwa asilimia 25 kwa ajili ya gharama za jumla za taasisi, kama vile umeme, uhasibu na usimamizi. Nimeona vyuo vyetu vikipewa posho za safari na za vibarua tu, huku mhasibu wa chuo akifanya kazi ya mradi jioni bila malipo, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa fungu hilo lipo.

Suala la sampuli ndilo linaloniuma zaidi. Niliwahi kuratibu mradi ambao sampuli zake zilipelekwa nje kwa ahadi ya mdomo, na miaka mitatu baadaye matokeo yake tuliyaona katika jarida ambalo chuo chetu hakikuwa na uwezo wa kulilipia. Leo hakuna sababu ya kuliacha jambo hilo kwenye ahadi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu ridhaa ya nchi yenye rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa haki wa manufaa yanayotokana nazo. Na Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2014 inayowataka watafiti wake wathibitishe kwamba rasilimali wanazozitumia zilipatikana kihalali. Kwa hiyo mkidai makubaliano ya maandishi kuhusu sampuli, mnamlinda na mwenzenu wa Ulaya pia. Msidhani kwamba mwani hauhusiki kwa kuwa mbegu yake ilitoka Ufilipino: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa pwani yetu ina mwani wake wa asili, ulio tofauti na ule unaolimwa, na mwani huo wa asili unaweza siku moja kuwa ndiyo mbegu inayostahimili joto. Makubaliano yaseme sampuli ni ngapi, zinakwenda wapi, zitatumika kwa kazi gani, nakala zitakazobaki zitahifadhiwa wapi, na nani aulizwe iwapo mtu mwingine atazitaka.

Majina ya waandishi wa makala yaamuliwe mapema, kwa kuzingatia kazi ya kila mtu. Vibali navyo vianze kushughulikiwa sasa: Tanzania kuna COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kenya kuna NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na mkifika Zanzibar mtakuta utaratibu wake. Watafiti wa nje hulalamika kwamba vibali vinachelewa, ilhali mara nyingi waliviomba wiki chache tu kabla ya ndege kuondoka.

Liko jambo moja ambalo mikataba mingi huliruka. Mwaka 2021 Uingereza ilishusha misaada yake ya maendeleo kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na miradi ya utafiti iliyokuwa katikati ya safari ikakatwa fedha. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID. Waliobaki na madeni na wasaidizi wasiolipwa wengi walikuwa upande wetu. Andikeni tangu sasa nani atalipa mishahara ya miezi ya mwisho endapo mfadhili atajitoa, na kwamba takwimu zote zilizokwisha kukusanywa zitabaki na nakala katika kila taasisi.

Wakikataa kuyazungumza haya, mna njia nyingine. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Zanzibar, imekuwa ikifadhili tafiti za ukanda huu, na mkianza ninyi na wenzenu wa Kenya, mgeni atakayekuja baadaye atakuta nyumba ina wenyewe.

SWALI: Asalaam alaykum. Sisi ni akina mama wa mwani. Watafiti wanakuja, wanatuhoji, wanapima maji, wanapiga picha, wanaondoka. Hatujaona majibu hata mara moja. Tunaweza kuwakataa? — Mkulima, kusini Unguja

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Ndiyo, mnaweza kukataa kuhojiwa na kupigwa picha, na hampaswi kutoa sababu. Mtafiti anayefuata maadili ya kazi yake analijua hilo na anatakiwa kuwaambia kabla hajauliza swali la kwanza. Ila naona kukubali kwa masharti kunawafaa zaidi, kwa sababu baadhi ya majibu mnayahitaji ninyi kuliko mtu mwingine yeyote.

Wasani, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, waliochoka kuchunguzwa kwa miaka mingi, walikaa wakaandika kanuni zao wenyewe za maadili, wakazitangaza mwaka 2017: mtafiti awaheshimu, awe mkweli, atende haki, awe na uangalifu, na afuate utaratibu wa kupata idhini. Ushirika wenu unaweza kuwa na karatasi moja ya Kiswahili inayosema kwamba kila mtafiti ajitambulishe na kuonyesha kibali, aje wakati ambao si wa bamvua ili asiwapotezee siku za kazi au awafidie muda huo, na arudi kusoma matokeo mbele ya wanachama ndani ya muda mliokubaliana. Karatasi hiyo mkabidhini sheha nakala yake. Mtafiti wa kweli ataipokea kwa furaha, maana itamwondolea mashaka.

SWALI: Tunapima samaki upande wa Congo wa Ziwa Tanganyika, na wenzetu wako Kigoma na Bujumbura. Takwimu zetu hazilingani kamwe. Tatizo ni lugha? — Fundi wa maabara, Uvira

JIBU: Kwa sehemu, ndiyo. Ripoti zenu ni za Kifaransa na za Kigoma ni za Kiingereza, lakini mnaposhuka ufukweni nyote mnazungumza Kiswahili, na hata hapo samaki yule yule Kigoma anaitwa mgebuka na kwenu mukeke. Neno dagaa nalo linafunika spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambazo hazikui wala hazivuliwi kwa namna moja. Fomu ya pamoja iandikwe kwa Kiswahili, jina la kisayansi likiwa pembeni, pamoja na ukubwa wa tundu la wavu, saa ya kuvua na hali ya mwezi, kwa kuwa uvuvi wa taa hubadilika kwa mbalamwezi.

Mkataba wa ziwa hilo ulitiwa saini na nchi zote nne zinazopakana nalo mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko Bujumbura, kwa hiyo mlango wa kupeleka fomu hiyo upo. Mwaka huo huo wa 2003 wanasayansi walithibitisha kuwa ziwa limepata joto kwa kulinganisha vipimo vyao na vya mwaka 1913. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu yule aliyepima zamani aliandika kina alichopima na tarehe. Katika fomu zenu, safu hizo mbili zisiachwe wazi hata siku moja.