Mwalimu Ajibu: Nguzo ya Malindi na machungwa ya Muheza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi hapa Muheza, Tanga. Disemba hii mume wangu ameniahidi safari ya Malindi, sisi na watoto wetu wawili. Mwenzangu kazini aliyewahi kufika anasema Nguzo ya Vasco da Gama ni kidude cheupe chenye msalaba, unakitazama dakika tano umemaliza, na hela ya tiketi afadhali mtu anunulie samaki. Halafu binti yangu wa darasa la sita ananiuliza kwa nini Wakenya wanamtunzia Mreno kumbukumbu yake. Nimjibu nini? Na twende Nguzoni au tubaki ufukweni?
Mama wawili, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako hakukudanganya. Mimi nimezaliwa Shela, mtaa wa kale wa Malindi, na kwa miaka thelathini na moja ya kufundisha historia nimepeleka madarasa Nguzoni mpaka nimepoteza hesabu. Ukishuka tuktuk langoni, ukapiga picha, ukapanda tuktuk, dakika tano zinabaki. Hata huo mnara mweupe unaoonekana kwenye picha si wa Vasco da Gama. Ulijengwa baadaye sana ili kuushikilia msalaba usianguke. Cha kale ni ule msalaba wa juu, wa jiwe lililotoka Ureno, wenye nembo ya mfalme wao.

Kosa la mwenzako ni kwamba alianzia mwisho. Nyinyi anzieni Shela, kwenye Msikiti wa Juma. Pembeni mwake kuna makaburi mawili ya nguzo, moja refu na moja fupi, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mwache binti ayazunguke kwanza. Yeye mwenyewe atagundua kuwa mji huu ulikuwa na nguzo zake, na wenye nguzo hizo hawakufundishwa na Mreno. Mwambie pia kwamba mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapa, twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Kwa barabara ya ufukweni mtapita kanisa dogo la Wareno, la makuti, ambapo Fransisko Xaveri, mmisionari Mkatoliki, alisimama akielekea India mwaka 1542. Chungulieni, msikawie. Jua litawawahi.

Mkifika Nguzoni, kaeni kivulini chini ya mivinje, na hapo ndipo nawe uwe mwalimu. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 akiwa na merikebu tatu, ametoka Mombasa ambako nusura watu wazitwae. Mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, kwa hiyo adui wa Mombasa kwake alikuwa mgeni. Lakini mgeni huyo hakukubali kukanyaga nchi kavu! Ikabidi wakutane majini, kila mmoja katika chombo chake, na upande wa mfalme kukapulizwa siwa mbili za pembe, kila moja urefu wa mtu. Wareno wenyewe waliziandika katika kumbukumbu ya safari yao, na ni wazi ziliwaingia moyoni.

Sehemu ninayoipenda mimi ni ya kurudi. Walivuka bahari kutoka India karibu miezi mitatu, upepo ukiwakataa. Wakapatwa na kiseyeye, ule ugonjwa wa ufizi kuvimba hadi kufunika meno. Watu thelathini hivi walikufa njiani. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, jambo moja kati ya yale ya kwanza aliyoyafanya Vasco da Gama ni kumtuma mtu pwani akatafute machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Ni katika siku hizo chache, huku wengine wakifa bandarini, ndipo aliomba ruhusa ya kusimamisha nguzo. Kwanza iliwekwa mjini. Inasemekana watu hawakuupenda msalaba katikati yao, ndipo ukaja kuhamishiwa huku kwenye ulimi wa mwamba.

Sasa sikiliza ya kwenu. Merikebu mojawapo, São Rafael, ilikuwa imekwama kwenye mafungu wakati wa kuja, karibu na Tongoni, huko huko Tanga. Wenyeji walikuja na mitumbwi, mmoja umejaa machungwa, na Wareno wakaandika kuwa ni matamu kuliko ya kwao. Walipotoka Malindi mwaka 1499, mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Wakaichoma São Rafael kwenye mafungu yale yale. Kwa hiyo Nguzo iko kwetu na majivu yako kwenu, na wewe mwana wa Muheza usije ukafundishwa na mtu wa Malindi habari ya machungwa. Mkirudi, wapeleke watoto Tongoni pia. Makaburi ya nguzo pale ni mengi kuliko yetu.

Kuhusu swali la binti: mwambie hatuutunzi kwa kumpenda mwenyewe. Kwa urafiki ule Malindi haikupata kubwa. Kufikia mwaka 1593 Wareno walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu Mombasa, na mji wetu ukabaki kunyauka. Tunatunza kwa kuwa ni ushahidi, na ushahidi hautupwi. Akiona haitoshi, mpeleke bustani ya mjini kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewainua watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Wasichana wangu darasani walikuwa wakikaa pale kuliko Nguzoni.

Nendeni asubuhi mapema au baada ya alasiri. Adhuhuri ile chokaa inaumiza macho. Vaeni viatu vya kufunga. Mwamba umeliwa na mawimbi kwa chini, na ukingoni unaweza kudhani umesimama juu ya jiwe kumbe umesimama juu ya hewa. Mwaka mmoja niliwapeleka watoto maji yakiwa yamejaa, wimbi moja likaondoka na ndara ya mvulana, naye akataka kuifuata. Nilimshika kola. Mpaka leo tukikutana sokoni ananidai ndara. Na mtembezaji yeyote, mpatane bei kabla hajafungua mdomo. Kuna mmoja aliwaambia wageni wangu, mimi nikiwa hapo hapo, kwamba Vasco da Gama amezikwa chini ya mnara. Mtu yule alifia Kochi, India, mwaka 1524, na mifupa yake ikarudishwa Ureno.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Huku Maskati kila tukikutana barazani hubishana kama ni Ahmad bin Majid, yule baharia Mwarabu, aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Malindi, alisema ndiye. Tuamulie.
Msomaji, Maskati

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mungu amrehemu bibi, lakini hapa siwezi kumfuata. Aliyeandika hivyo ni Al-Nahrawali wa Makka, miaka mingi baadaye, tena akaongeza kuwa bin Majid alileweshwa. Bin Majid mwenyewe, mzaliwa wa Julfar huko Uarabuni, ameacha mashairi na vitabu vingi vya bahari wala hakudai kazi hiyo, na mwaka 1498 alikuwa mzee. Wareno walimtaja rubani wao kuwa Mgujarati, na wakamwita "Malemo Cana". Hiyo malemo ni malimu wetu, msoma njia wa chombo. Waliandika cheo wakidhani ni jina. Alichokifanya kinajulikana: waliondoka Malindi 24 Aprili, na kabla Mei haijaisha wakawa Kalikuti, India.

SWALI: Mwalimu, Disemba iliyopita nilitoka Nairobi na familia hadi Malindi, tukakuta bahari rangi ya chai ya maziwa. Watoto waligoma kuoga. Nani anachafua bahari yenu?
Baba Nairobi

JIBU: Hayo ni maji ya mto Sabaki, bwana. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto unashuka na udongo, na upepo wa kaskazi unausukuma kusini hadi kwenye ufuo wetu. Mwaka ujao teremkeni Watamu, si mbali, maji huko ni meupe. Na Sabaki ukiufuata juu utakuta ni Galana, ukiufuata zaidi utakuta ni Athi, na Athi unapokea mto wa Nairobi. Udongo ule mliusafirisha wenyewe.