Mafao ya kukosa kazi ukiwa chuoni, California

Ukiwa California, unaweza kusoma huku unalipwa mafao ya kukosa kazi, ila EDD, idara ya ajira ya jimbo, wanataka uwe tayari kuanza kazi na uendelee kuitafuta. Masomo ya jioni kwa kawaida hayana tabu. Ratiba ya mchana ikikubana, omba California Training Benefits, mpango wa EDD wa kukuruhusu ulipwe mafao ukiwa kwenye mafunzo. Mafunzo yakikubaliwa, hulazimiki tena kutafuta kazi. Ukitaka na nyongeza ya wiki za malipo, ulizia kabla hujalipwa wiki ya 16. Ile fomu ya kila wiki mbili unayoijazia EDD ili uendelee kulipwa inauliza kama umeanza shule. Usidanganye hapo: watakudai pesa zote ulizolipwa bila kustahili na faini ya asilimia 30 juu. Majimbo mengine yana sheria zao.